Mwenye Msukule

Mara ya kwanza kuona muvi ya misukule ya Kizungu nilikuwa kidato cha pili, na nilitoka pale nimekasirika. Sikuogopa hata kidogo. Kilichoniudhi ni kwamba muvi iliisha bila kutuambia mwenye misukule wale ni nani.

Ilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja nyuma ya soko, hapa hapa Bariadi. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, joto la kufa mtu, na pembeni ya televisheni kakaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Wazungu wakisema maneno mawili, yeye anasema kumi, na Kiswahili kikimpiga chenga anachomeka Kisukuma. Tulimpenda kwa hilo. Siku hiyo maiti zilipoanza kuinuka na kutembea barabarani, mtafsiri hakusita wala kutafuta neno. Alipiga kelele, "Misukule hao! Misukule wamefunguliwa!" Na sisi wote tukaitikia, "Weee!"

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu sisi msukule si mnyama wa porini asiye na mwenyewe. Msukule, au litunga kama wanavyosema nyumbani, ni mtu aliyekufa machoni pa watu tu. Mmemlia, mmemzika, mmekula wali wa msiba, kumbe mlichofukia ni mgomba. Yeye kachukuliwa na mtu, kakatwa ulimi asiseme, anafichwa darini, analishwa pumba, na giza likiingia anakwenda kulima shamba la aliyemchukua. Ndivyo tulivyosimuliwa sote tangu tukiwa wadogo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, na wasiosali kabisa. Kwa hiyo msukule hang'ati mtu. Msukule ni kibarua. Na kibarua lazima awe na bosi.

Basi kibanda kizima tukaanza kumsubiri bosi. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni akauliza kwa sauti, "Ni wa nani hawa?" Mtafsiri akababaika, akamnyooshea kidole mwanamume mmoja mwenye koti jeupe aliyekuwa anachungulia kwenye chupa. "Yule daktari ndiye mwenyewe." Tukatulia, tukamkodolea macho daktari. Haikupita muda, daktari akaliwa. Jamani, zogo lililozuka! "Mwenyewe kaliwa na misukule wake? Acha uongo wewe!" Mtafsiri akahamia kwa mwanajeshi. Mwanajeshi naye akaliwa. Akahamia kwa bibi mmoja mwenye paka. Mpaka majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo, mwenyewe hajapatikana, na mama wa karanga akaondoka anasonya.

Nilibaki na swali hilo miaka yote. Mtu anaweza kucheka, lakini mimi nikishikwa na swali silali. Iweje watu watunge hadithi ya wafu wanaotembea, waitengeneze sehemu ya kwanza, ya pili, ya tano, waifanye season, waifanye gemu, waiandike vitabu, halafu wasimtaje hata mara moja aliyewachukua?

Labda ndiyo maana nikaishia kwenye kazi hii. Nina kibanda changu karibu na stendi, kompyuta moja, televisheni moja ukutani ya kuonjesha wateja, na kazi yangu ni kurusha muvi na season kwenye flash na kwenye simu. Watu wanatoka Dutwa, wanatoka Sapiwi, wengine wanatoka mbali hadi Lalago, wakishuka tu kwenye basi wananipitia. Vijana wanasema, "Dada, niwekee za mazombi." Wazee wanasema, "Zile za misukule." Mimi nawawekea hizo hizo. Majina sitaji, anayejua anajua. Ila kwa wateja wangu nilizigawa kwa namna niliyoona itawasaidia: za wanaotembea polepole, za wanaokimbia, na zile ndefu ambazo walio hai wanasumbua kuliko wafu. Hizi za mwisho ndizo zinazopendwa na watu wazima. Nadhani wanawaona ndugu zao mle.

Sasa nije kwa shangazi yangu, maana bila yeye nisingekaa chini kuandika haya.

Shangazi, dada yake baba, aliolewa upande wa Dutwa, ndani ndani huko, mbali na lami. Ni mjane, mkulima wa pamba, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kijana huyo aliacha mke na mtoto mchanga nyumbani, akaenda machimboni kutafuta maisha. Shimo likamfukia. Alirudishwa kwenye jeneza lililopigiliwa misumari, na waliolileta wakasema lisifunguliwe. Wanaume wa ukoo wakakubali. Shangazi aliomba aone uso, wakamvuta pembeni, wakamwambia ajikaze. Akajikaza. Hakutoa chozi makaburini, na tangu siku ile hakuwahi kulia.

Baadaye ndipo yalipoanza. Alifunga nyumba ya mwanawe kwa kufuli, funguo akaifunga kwenye ncha ya khanga yake. Mkwe wake na mjukuu wakahamia kwake, wakawa wanalala jikoni. Kila jioni, kabla mtu yeyote hajala, alipakua ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga, kwenye sahani ya bati ya bluu aliyokuwa akilia chakula kijana huyo, akaiweka kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa. Asubuhi sahani tupu. Mbwa wa mji mzima walikuwa wamenenepa, na kila mtu alijua, lakini nani amwambie? Yeye alisema, "Amekula."

Kwa maana nyingine, shangazi alishaamua kwamba walizika mgomba. Mwanawe yu hai, ni msukule wa mtu. Na alishamwona mwenyewe: jirani yake, mjane mwenzake, aliyepalilia naye pamba tangu wakiwa maharusi wapya. Kosa la jirani ni kwamba mwaka ule jua lilipounguza pamba ya watu wote, yake ilistawi. Nani alikuwa anamlimia? Hilo tu. Shangazi aliacha kumsalimia. Akawaambia shemeji zake, ndugu wa marehemu mume wake, kwamba kikao cha ukoo kitakapokaa baada ya mauzo ya pamba, atamtaja mtu.

Niseme wazi maana yake, ili msomaji asidhani ni ugomvi wa majirani. Huko kwetu mwanamke mzee akishatajwa kwenye kikao, amekwisha. Akibahatika, watoto hawatumwi kwake tena na kisimani watu wanaondoka akifika. Asipobahatika, vijana wanakuja. Nilimfahamu yule jirani tangu utotoni, alikuwa akinipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nikienda likizo.

Kikao kikasogezwa mbele kwa sababu moja tu. Shangazi aliteleza juu ya rundo la magunia ya pamba ghalani, akavunjika kifundo cha mguu. Hospitali wakamfunga hogo la plasta, wakamwambia asikae mbali, arudi kuangaliwa. Ikabidi akae kwangu. Na mimi siwezi kufunga kazi, kwa hiyo kila asubuhi nilimbeba kwa bodaboda hadi kibandani, nikamweka kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kreti la soda, uso kwenye televisheni.

"Mwangaluka," anamsalimia kila mteja anayeingia, hata kijana mwenye nywele za rangi. Kijana asipoitikia sawasawa, anamrudisha mlangoni aingie upya. Wateja walianza kuja kusalimiana naye tu.

Siku ya kwanza nilimwekea kwaya. Siku ya pili akaniambia, "Hebu weka ile ambayo vijana wanaisema. Ya misukule."

"Shangazi, zile za ovyo. Zina damu."

"Nimechinja ng'ombe wangapi mimi? Weka."

Nilijua anachotafuta. Alitaka kuona wenzetu wanamtambuaje mwenyewe. Nikajipiga moyo konde, nikaweka. Na mimi nilikuwa na lile swali langu la kidato cha pili, sikatai. Basi tukaanza kutazama, bibi na muuza muvi, kuanzia zile za zamani zisizo na rangi hadi za juzi.

Nilikuwa namtafsiria pole pole, na yeye anauliza. Jamani, maswali ya mwanamke yule!

"Hawa hawalimi?"

"Hawalimi, shangazi."

"Hawachungi?"

"Hapana."

"Basi wanafanya kazi gani?"

"Wanatembea. Wakiona mtu wanamla."

Akatazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Watu wazima wote hao, na shamba halina mtu. Tazama majani yale yalivyoota." Kweli, sikuwahi kuyaona. Kila muvi ya namna hiyo ina mashamba yaliyoachwa, na mimi nilikuwa natazama meno tu.

Aliuliza wametoka wapi. Nikamwambia hadithi zenyewe hazikubaliani: nyingi zinasema ni ugonjwa, kirusi kimetoka maabara, nyingine zinasema ukungu, nyingine hazisemi kabisa. "Na aliyekitoa hicho kirusi?" Nikamweleza kwamba mara nyingi hufa mwanzoni. Alicheka mpaka akashika mguu. "Mwenyewe kaliwa! Basi huyo hakujua kazi." Nilishtuka, yalikuwa maneno yale yale ya kibanda umiza.

Ila nilianza kuona kitu nilichokuwa sijakiona peke yangu. Katika zote, za Kimarekani, za Kikorea, fupi kwa ndefu, kuna mtu aliyeng'atwa anayeficha jeraha. Anavuta mkono wa shati, anasema ni mkwaruzo tu. Na kuna anayempenda, anayejua, ambaye naye anaficha. Wateja huwa wanapiga kelele hapo, "Mwambie! Mwambie!" Shangazi hakupiga kelele. Akawa anashikashika ncha ya khanga yake.

Jirani yangu wa kushoto ana chumba cha gemu. Siku moja umeme ulikatika upande wangu tu, shangazi akahamia kule. Vijana walikuwa wanacheza gemu ya mazombi, wanawafyatua vichwa, namba zinapanda juu. Mmoja akamfafanulia kwa heshima zote jinsi ya kupata pointi nyingi. Shangazi akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Sasa ukishampiga, anazikwa na nani?"

Kijana akabaki na kidude chake mkononi. "Hazikwi, bibi. Anapotea tu."

"Na mama yake anaambiwa?"

Waliendelea kucheza lakini kelele zilipungua. Aliporudi kwangu akaniambia, "Nimechunguza. Hakuna hata mmoja aliyezikwa." Nikafikiria muvi zote zile, na kweli. Wanakimbia, wanafunga milango, wanapakia magari, kuzika hawana nafasi.

Hata vitabu tulivijaribu. Mwalimu mmoja mteja wangu alikuwa na riwaya ya Kiingereza ya mambo hayo hayo, imechanika jalada, akaniazima. Nikawa namsomea shangazi mchana wateja wakipungua, namgeuzia Kiswahili, nikikwama naruka. Kitabu kilimkera. Alisema watu wa mle wanafikiri sana na hawapiki. Lakini alipenda kwamba kwenye kitabu wafu wana majina. Kwenye muvi ni kundi, kwenye kitabu mtu anamwona yule wa dukani, yule mwalimu wa kwaya, anamtaja jina kabla ya kukimbia. Kila mara nikisoma jina ananiambia, "Rudia."

Siku zikasogea, hogo likawa karibu kutolewa. Shemeji yake mkubwa akapiga simu, akasema kikao kimepangwa, wanamsubiri yeye tu. Nilisikia shangazi akijibu, "Nakuja. Nitataja." Uzalendo ukanishinda. Nikapunguza sauti ya televisheni, nikamwambia vile ninavyosema mimi, bila kupaka mafuta.

"Shangazi, misukule hakuna. Yule mama hana mtu darini. Pamba yake ilistawi kwa sababu alipanda mapema na shamba lake liko bondeni. Utamuua mtu."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe unauza misukule kutwa nzima, unakula kwa misukule, umejenga kwa misukule, halafu unaniambia hakuna?"

"Hizi ni hadithi!"

"Na yangu?"

Nilikasirika, nikamkasirikia yeye, nikawakasirikia wale wanaume waliokataa kufungua jeneza, nikaenda kusimama nje kwenye jua kama mwehu. Niliporudi alikuwa ametazama pembeni. Tulishinda bila kuongea, ila chai nilimpa.

Kesho yake akaniomba ile season ndefu tuliyoiacha katikati. Nikaweka, nikaendelea na wateja. Ilifika sehemu ambapo wasafiri wanaingia kwenye kijiji kitupu na kumkuta mwanamke mmoja anaishi peke yake. Anawakaribisha vizuri, nyumba safi, maua mezani. Ila kila asubuhi anapika uji, anamimina kwenye bakuli, anapiga magoti na kulisukuma bakuli chini ya mlango wa chumba cha nyuma, huku anaimba. Wageni wakavunja mlango. Ndani yumo kijana wake, ameshageuka, amekonda kabisa, amefungwa kwa kamba kitandani, na mabakuli yamejaa uji uliooza hadi ukutani.

"Rudisha," alisema shangazi.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mteja aliyekuwa anasubiri flash yake akaniangalia. Nikarudisha tena.

"Mlango ule kaufunga nani?"

"Mama yake."

"Na uji anapeleka nani?"

"Si mama yake, shangazi, humuoni?"

"Na yule kijana, yeye anataka nini?"

Nilikuwa naandika jina la folda, nikajibu bila kufikiri. "Hataki kitu. Amekufa."

Shangazi akasema taratibu, kwa Kisukuma kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili nadhani ili mimi nisikie, "Kumbe huyu anaye mwenyewe." Akaniambia nizime. Tangu hapo hakuomba muvi tena. Alikaa anatazama barabara mpaka siku ya kutolewa hogo.

Mimi sikuelewa. Nilidhani amepata alichotaka, kwamba sasa ana uhakika na jirani yake. Nilijilaumu mpaka kula kukawa shida. Yaani mambo yote yale ya Wazungu yamemfundisha kutaja mtu, na mimi ndiye niliyemwekea.

Nilimpeleka mwenyewe. Tulikuta uwanja umeshafagiliwa, wanaume kwenye viti upande wa ghala, wanawake kwenye mikeka. Kando ya ua wa minyaa walisimama vijana na fimbo za kuchungia, lakini ng'ombe walikuwa wameshatangulia malishoni. Nililihesabu hilo moyoni, ng'ombe hawapo na fimbo zipo. Jirani alikuwa amekuja. Hakuna aliyemkokota, alikuja kwa miguu yake, amevaa khanga mpya ambayo haijafuliwa, akakaa chini peke yake, amenyoosha miguu. Nilimsalimia, "Mwadila, mayu." Aliitikia kwa sauti ya chini, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi na jua linawaka.

Shemeji mkubwa akafungua kikao. Hakuzunguka. "Shemeji, ulituambia kijana wetu hakufa, kuna mtu anaye. Ulisema utamtaja. Leo taja."

Shangazi akainuka na fimbo yake ya kutembelea. Alikuwa bado anachechemea.

"Ni kweli," alisema. "Kijana anaye mtu. Nilikuwa simjui, sasa namjua."

Vijana wa kwenye minyaa wakasogea. Jirani akafumba macho.

"Mwenyewe ni mimi."

Pakawa na zogo. Wanaume wakasimama, mmoja akasema mwanamke amechanganyikiwa, mwingine akasema amekiri, kijana mmoja akavuka mkeka. Niliruka nikasimama mbele ya shangazi, sijui hata nilikusudia nini na mwili wangu huu mdogo. Lakini yule mwanamke nimesema ana sauti ya kuita ng'ombe. "KAENI CHINI!" Wakakaa. Na yule kijana akakaa.

"Sahani ya bluu mnaiona kila jioni pale mlangoni. Anaipeleka nani? Nani amefunga ile nyumba? Mke wake analala jikoni, binti mzuri kama huyu, nani kamfunga? Huyu mtoto haruhusiwi kucheza kwenye kizingiti cha baba yake, nani kamkataza? Mlininyima uso wake mkaniambia nijikaze, nami nikajikaza, nikasema hajafa. Nikamlisha. Kila siku nikamlisha. Mchawi gani anamlisha mtu hivyo? Mwanangu alifia machimboni. Alikufa! Mimi ndiye nilimshika, na leo namwachia."

Shangazi akashika ncha ya khanga kufungua funguo, lakini lile fundo lilikuwa limekaa muda mrefu mno, limekuwa gumu. Akahangaika nalo. Mkwe wake akainuka amsaidie. Shangazi akamzuia kwa mkono, akageuka upande alikokaa jirani.

"Mayu," alimwita, kwa jina la heshima ambalo alikuwa hajalitumia tangu msiba. "Njoo unifungulie."

Jirani akafumbua macho. Alichukua muda kuinuka, akaja, akapiga magoti mbele ya shangazi, akajaribu kwa kucha ikashindikana. Akainama akalifungua kwa meno. Funguo ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaipangusa kwenye khanga yake mpya, akampa shangazi, na shangazi akampa mkwe.

Kufuli lilisumbua kidogo kwa kutu, kisha mlango ukafunguka, ikatoka harufu ya vumbi na panya. Kwenye msumari ukutani lilining'inia koti la baridi la marehemu. Shangazi alipoliona ndipo alipolia. Alilia kilio cha msiba wenyewe, kile cha kuita jina, na jirani akampokea, na wanawake wote wakaitikia, na mimi pia. Wanaume walivua kofia. Wale vijana waliziegemeza fimbo kwenye minyaa, wakaenda kutafuta kuni bila kuambiwa, kwa sababu palikuwa na msiba na watu watahitaji kula.

Mchana wote tulifagia nyumba ile. Mtoto aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, kwa raha tu ya kuvuka kizingiti.

Jioni ugali ulipoiva, shangazi aliomba aletewe ile sahani ya bluu. Tulitazamana, mimi na mkwe. Akaiosha kwa maji ya moto, akaisugua kwa jivu hadi ikang'aa, akapakua ugali na nsansa kama kawaida yake, akaishika mikononi kwa muda mrefu. Kisha akachechemea kuvuka uwanja, akaipita nyumba ya mwanawe, akampa jirani yake.

Jirani akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, "Wabeja." Alikula akamaliza, akaomba aongezewe.